Siku Niliyoandamana Dhidi Yangu

Mara ya mwisho katika safu hii niliwaambia mguu wangu ulikufa ganzi. Nilidanganya.

Nasahihisha hapa hapa kabla hatujaendelea, maana uongo huu nimetembea nao siku nyingi na umenibana kama kiatu cha kuazima.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani: mimi ndiye yule fundi cherehani wa sokoni wanayemwita Mama Kipaza. Soko letu lilikuwa na choo kimoja, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa msimamizi wa soko, naye msimamizi akienda kula mchana harudi mpaka saa kumi. Tukaunda Kamati ya Choo. Nikaazima kipaza sauti cha mkononi, nikapiga kelele miaka minne. Tukapata vyoo sita. Watu wakafurahi mpaka wakanichagua mbunge.

Mwezi wangu wa kwanza Bungeni, mbunge mmoja, tumwite Mheshimiwa Maegesho, akaleta hoja kwamba soko letu lihamishiwe machimboni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na pale lilipo pawe maegesho ya magari ya wabunge. Hoja ilihitaji watu kumi wa kuiunga mkono ndipo ijadiliwe. Spika akasema wanaounga mkono wasimame. Wakasimama tisa.

Wa kumi nikawa mimi.

Nikawaambia nilisimama kunyoosha mguu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala.

Mnisamehe. Viti vya Bunge ni laini kupita kiasi. Mimi nimekaa miaka ishirini kwenye kigoda mbele ya cherehani. Mgongo wangu haujui habari za mito. Mheshimiwa Maegesho alipofika ukurasa wa tatu wa hotuba yake, kope zikashuka zenyewe. Nikasikia sauti ya mbali ikisema "wasimame", na mwili ukanyanyuka bila mimi, kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaingia darasani.

Niliamka nikiwa tayari nimesimama. Watu walikuwa wanagonga meza kwa furaha. Na mimi nikatabasamu, nikidhani ni jambo jema.

Basi, sikilizeni yaliyonipata baada ya hapo.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mume wangu mezani amekunjua gazeti. Mume wangu ni fundi saa, na maneno anayatunza kama zile skrubu zake ndogo, anaogopa yasimdondoke yakapotea. Siku ya harusi yetu alisema "ndiyo" mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, ikabidi aulizwe upya.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yangu, nimesimama, uso juu, macho nimeyafumba. Juu yake wameandika: ALISIMAMA KWA DHAMIRA.

Mume wangu akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Ulilala," akasema.

"Nilikuwa natafakari."

"Una mate kidevuni."

Nikalichukua gazeti nikaliweka chini ya kitambaa cha meza. Mara nikasikia hodi.

Sasa, mlangoni kwetu hodi hupigwa na wageni tu. Mama mkwe wangu, anayeuza ndoo na mabeseni pale sokoni na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Choo, hajawahi kubisha tangu niolewe. Huingia, hufunua sufuria, hulaumu chumvi, ndipo asalimie. Lakini huyu aliyesimama mlangoni na mkoba kifuani, anasubiri kukaribishwa, alikuwa yeye.

Nikainuka haraka kumwamkia. Akaniwahi.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema.

Mama wa miaka sabini na moja ananiamkia mimi shikamoo. Kuitikia siwezi, kunyamaza ni dharau. Nikabaki nimeachama kama beseni.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Sitakaa sana, mheshimiwa. Najua una kazi za taifa. Nimekuja kuomba huduma ya kuandikiwa barua."

"Barua gani?"

"Ya maandamano. Alhamisi tunakuja Bungeni kumpinga mbunge wetu."

"Mama, mbunge wenu ni mimi."

"Na katibu wa Kamati pia ni wewe. Hatujakaa kikao cha kukutoa. Barua zote umeandika wewe miaka minne, na mimi mwandiko wangu unaujua."

Naujua. Mwaka fulani aliandika bango la choo mwenyewe, halikusomeka, na watu wa mifugo wakaja kutibu kuku.

Ningeweza kukataa. Ningeweza pia kusema ukweli pale pale: mama, nililala. Lakini nilishawaambia watu wote kuhusu mguu, na mbele ya mama mkwe mtu huona haya hata kupiga miayo. Nikachukua karatasi.

"Andika kwamba mbunge ni msaliti," akaanza.

"Neno zito hilo, mama. Tuseme ameyumba."

"Hajayumba. Kasimama wima, picha ninayo."

Nikaandika msaliti. Kisha sijui nini kilinipata. Sentensi ya pili alitaka iwe "tumekasirika sana", nikaona imelegea, nikaikaza. Ya tatu nikaipiga pasi. Nilipofika katikati nilikuwa nimeandika: "Tulimpandisha kwa mabega yetu, naye alipofika juu akavuta ngazi."

Mama mkwe akainamisha kichwa, akairudia polepole.

"Nzuri hiyo," akasema. "Akiisikia atalia."

"Nimeshaanza, mama."

Mwisho tukaweka dai letu: kwamba kuanzia siku barua itakaposomwa, kiti cha mbunge kihesabiwe kiko wazi. Nikatia sahihi yangu mahali pa katibu. Mama mkwe akatoa muhuri mkobani, akaupulizia pumzi, akaugonga mpaka vikombe vikatetemeka. Akaondoka bila kufunua sufuria hata moja.

Mume wangu akaokota kifuniko cha kalamu sakafuni, akanipa.

"Umeandika vizuri," akasema. Kwa siku hiyo, akawa amemaliza.

Jumanne nikaenda kwa karani wa Bunge, yule anayetunza kumbukumbu rasmi, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Nikamwomba aandike kwamba sikuunga mkono hoja, bali mguu ulikufa ganzi.

Akafungua kitabu chake. "Kuna kuunga mkono, kupinga na kutopiga kura. Ganzi haina safu yake."

"Basi niongezee."

"Lete cheti cha daktari."

Jumatano nikaenda kwa daktari. Akanigonga goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka ukaangusha trei yake. Akanigonga tena, akasogeza kiti nyuma kwa heshima. Akaniandikia cheti kinachosema kwamba kwa umri wangu hajapata kuona mguu mzima kama ule. Nimekihifadhi. Hakina kazi yoyote, lakini nimekihifadhi.

Alhamisi ikafika.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa najaribu miwani ya jua ya kujificha, na kwa sababu hiyo nikabeba mkoba usio wenyewe. Nilipofika lango la Bunge, askari akanyoosha mkono.

"Kitambulisho."

Nikapekua. Nikatoa uzi, sindano, kipande cha chaki na cheti cha mguu.

"Mimi ni mbunge," nikasema.

Askari akasoma cheti chote, pole pole. "Mguu wako ni mzuri," akasema. "Waandamanaji wanakaa upande ule."

Akaninyooshea kidole, na upande ule walikuwepo watu wangu wote. Wauza vitunguu, mafundi viatu, wasusi, msimamizi wa soko mwenyewe. Nikajipenyeza nyuma kabisa, miwani usoni, kichwa chini. Muuza nyanya akageuka, akanipa bango bila kunitambua.

"Shika, dada, mikono imeniuma."

Nikashika. Lilikuwa na picha yangu, na chini yake neno moja: SHUKA. Tukasimama pale, mimi na uso wangu.

Ningevumilia yote, lakini mama mkwe akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakinyanyua kipaza sauti.

Wapendwa wasomaji, alikishika kinyume. Alikuwa anazungumza kwenye upande wa kutokea sauti. Midomo inaenda, kitu hakisikiki. Akakigeuza, akabonyeza kitufe chekundu, king'ora kikalia, watu wa mbele wakalala chini. Akabonyeza tena, kikapiga muziki. Waandamanaji wakaanza kutazamana. Wengine wakachukua mizigo yao. Maandamano yalikuwa yanakufa mbele ya macho yangu.

Fundi hawezi kutazama kitambaa kinakatwa vibaya. Nikajikuta nimefika mbele.

"Lete, mama. Kitufe cha bluu. Shika hapa, mdomo uwe mbali kidogo, hivi." Nikajaribu: "Moja, mbili."

"Tatu," wakaitika wote kwa mazoea.

Jamani. Nyie hamjawahi kusikia watu mia tatu wakikuitikia "tatu". Damu ilinipanda. Miwani ikanidondoka, sikuiokota.

"Nani katuvutia ngazi?" nikauliza.

"Mbunge."

"Tulimtuma nini?"

"Kutetea soko."

"Kafanya nini?"

"Kasimama."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye kiti laini."

Nikaendelea. Nikasema mbunge yule alishonewa magauni mapya mawili kabla hata ya kuapishwa. Nikasema akiwa Bungeni hunywa chai mara tatu kabla ya saa sita. Nikasema ana rafiki wa shule ambaye sasa hapokei simu zake. Hakuna adui aliyewahi kunisema vibaya kiasi hicho, maana maadui hawakuwa na habari za ndani. Na nikiri jambo lingine: kwa dakika zile kumi nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tangu niapishwe. Watu walikuwa wanapiga miguu chini. Muuza nyanya alikuwa analia. Askari wa lango alikuwa anaitikia.

Ndipo karani wa Bunge akatoka na kalamu zake nne.

"Spika amekubali kupokea ombi lenu," akasema. "Lakini kwa kanuni, ombi la wananchi huwasilishwa ukumbini na mbunge wa eneo lao. Yuko wapi?"

Watu wakatazama huku na huku. Kisha wale wa mbele wakanitazama mimi, mmoja mmoja, kama taa zinazowashwa.

"Yuko hapa," nikasema, na kipaza sauti kikalifikisha hilo mpaka ng'ambo ya barabara.

Mama mkwe akashuka kwenye ndoo. Akanipa barua kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu usiyemjua.

Ukumbini nilisimama kwa hiari yangu, kwa mara ya kwanza. Nikaisoma. Niliposoma ile ya mabega na ngazi, mnong'ono wote ulikufa. Wabunge waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini. Nikasoma habari ya wanawake waliokuwa wanashinda bila kunywa maji ili wasihitaji choo, na namna watakavyotembea saa mbili na mizigo kichwani kwenda machimboni. Nilipomaliza, mzee mmoja wa safu ya nyuma alikuwa anajipangusa macho kwa ratiba ya kikao.

Nikajua nimeshinda. Nikakaa.

Mheshimiwa Maegesho akasimama.

"Mheshimiwa Spika, kuhusu utaratibu. Ningependa kujua aliyetia sahihi barua hiyo ni nani."

Spika akaletewa barua, akaisogeza karibu na macho. "Mheshimiwa, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Aliyeiandika?"

"Mimi."

"Na aliyeisoma mbele ya Bunge hili?"

Nikaona nyuso zote zimenigeukia, nikaona bora niseme tu. "Ni mimi, mheshimiwa Spika."

Mheshimiwa Maegesho akafungua kitabu cha kanuni mahali palipokwisha kukunjwa. Akasoma kwamba mbunge atakayewasilisha ukumbini maandishi yenye sahihi yake, yanayotaka kiti chake kiwe wazi, atahesabika amejiuzulu kuanzia saa ile.

Spika akanong'onezana na karani muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Kiti cha Spika kinasikitika," akasema. "Nimekaa hapa miaka kumi na minne. Nimeona wabunge wakifukuzwa na mahakama, na vyama, na wapiga kura. Sijapata kuona mtu akijifukuza mwenyewe, tena kwa lugha tamu namna hii. Bunge linakushukuru."

Wakagonga meza.

Karani akanisindikiza mpaka nje. Kwenye ngazi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amewahesabu wabunge kuhusu hoja ya soko, wamegawanyika sawasawa pande mbili, na hoja imesogezwa mpaka eneo letu lipate mbunge mpya. "Atakayekaa kwenye kile kiti," akasema, "ndiye atakayeamua."

Watu walikuwa wameondoka. Mama mkwe peke yake alibaki, amekaa juu ya ndoo yake, ananisubiri au anapumzika, sikujua. Nikakaa chini, kwenye ukingo wa barabara.

"Wamenitoa, mama."

"Nimesikia. Askari kaniambia."

Nikaona sasa hakuna la kulinda. "Mama, mimi sikuunga mkono ile hoja. Na mguu haukufa ganzi. Nililala."

Magari mawili yakapita.

"Tulikuchagua ukalale."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema Jumatatu, tungeandamana kuhusu usingizi. Yasingefika huku." Akanitazama vizuri, mara ya kwanza wiki nzima. "Umekula, mwanangu?"

Hapo ndipo nililia kweli. Akanipangusa kwa ncha ya nguo yake, akanisaidia kuinuka, tukaenda nyumbani, mimi nimebeba ndoo. Njiani aliuliza mambo mawili tu: kama kiti sasa kiko wazi kabisa, na kama kweli ni laini. Nikamwambia ni laini sana. Akatikisa kichwa.

Jumatatu iliyofuata tume ikatangaza uchaguzi mdogo. Jumanne asubuhi nikadamka, nikapanga foleni, nikachukua fomu ya kugombea. Nilikuwa na hakika. Soko zima lilishasikia habari ya usingizi, na walikuwa wamenicheka mpaka wakanisamehe. Nikarudi nyumbani mbiombio kumwambia mume wangu.

Nikamkuta mama mkwe mezani. Mbele yake ilikuwepo fomu kama yangu.

Nikaweka ya kwangu kando ya ya kwake. Tukazitazama.

"Mama, hii nini?"

"Mimi silali mchana," akasema. "Uliza yeyote."

"Lakini Bungeni kuna kanuni, mama. Kuna vitabu."

"Wewe uliyevisoma wamekutoa kwa kipi?"

Nikajaribu kwa upole, nikamwambia yeye ni mwenyekiti, Kamati itamhitaji, magoti yake hayawezi zile ngazi. Akasema magoti yake hayajawahi kuunga mkono hoja yoyote. Nikasema ninataka kurekebisha nilichoharibu. Akasema hata yeye anataka kurekebisha nilichoharibu. Sauti zikaanza kupanda, kwa heshima, lakini zinapanda. Ni kwamba tulikuwa tunapenda soko lile lile, na kiti cha kulitetea ni kimoja tu.

"Basi aamue yeye," akasema mama mkwe, akaelekeza kidevu upande wa dirisha.

Mume wangu alikuwa pale kwenye meza yake ya kazi, kile kioo cha fundi saa kimebana jichoni, saa imefunuliwa tumbo. Mwanawe wa pekee yeye, mume wangu mimi.

"Baba," mama yake akamwita, kama alivyomzoeza tangu utotoni. "Kati yangu na mkeo, utamuunga mkono nani?"

Akatoa kioo jichoni. Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Akafungua droo ya chini, ile ya springi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaja akailaza juu ya meza, katikati ya zile mbili.

Ilikuwa fomu ya tatu. Jina lake limeandikwa juu kwa herufi ndogo nadhifu.

"Nilichukua jana," akasema.

"Wewe?" nikamuuliza. "Wewe husemi."

"Watu wamechoka na wanaosema."

Maneno manne kwa mpigo. Mama yake akashika ukingo wa meza. Mimi nikaivuta ile fomu nikaigeuza, maana upande wa pili ndipo penye orodha ya wadhamini ishirini, na ya kwangu ilikuwa bado tupu, na ya mama mkwe vilevile.

Ya kwake ilikuwa imejaa. Sahihi ishirini, hazikupungua. Nikaanza kuzisoma kutoka juu, na kwenye mstari wa kwanza kabisa, kwa wino wa kijani na mkia mrefu, nikakuta jina la Mheshimiwa Maegesho.

Nikamsogezea mama mkwe, nikaweka kidole hapo. Akasoma mara mbili, akamtazama mwanawe aliyekuwa amesharudi kwenye saa yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Kisha akainuka, akavuta kiti chake kuzunguka meza, akaja kukaa upande wangu.